Usilipie mazabodi kwanza

Ndugu yangu Idi,

Habari za siku nyingi? Wote hapo hawajambo? Huku tu wazima, na mtoto kikohozi kimemwisha. Salamu nyingine zitasubiri, maana Mwanaidi ameniambia jambo lililoninyima usingizi: ile kompyuta yako ya mezani imeanza kugoma kuwaka, fundi amesema mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha sehemu zote za kompyuta, imekufa, nawe uko mbioni kumlipa. Nakusihi usimlipe kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Mwanaidi anasema asubuhi unabonyeza kitufe, kimya. Unabonyeza tena, feni inazunguka kidogo halafu inazima. Ukiiacha kwenye umeme kitambo, inakubali, na ikishawaka hufanya kazi kutwa nzima bila kusumbua. Hilo la mwisho ndilo lililonishikisha kalamu. Mazabodi iliyokufa itafufukaje kila siku? Kinachogoma kikiwa baridi na kukubali kikipata joto, mara nyingi ni kapasita zilizochoka, yaani vile vikopo vidogo vinavyoshika chaji ya umeme, na kwenye mashine ya umri ule mimi naanza kushuku pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme. Kapasita hizo zina majimaji ndani, na miaka ikipita hukauka. Tena pawa saplai, hata kompyuta ikiwa imezimwa, hutoa volti 5 za kusubiri, na ndizo zinazoiwezesha mazabodi kukisikia kitufe. Hizo zikiyumba, utabonyeza hadi kidole kikuume.

Simlaumu fundi moja kwa moja. Kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilifungwa kapasita mbovu, zikavimba na kuvuja mapema mno. Basi chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha, utazame vile vikopo vidogo vilivyosimama karibu na prosesa. Vichwa vyake vinatakiwa viwe bapa. Ukiona kimoja kimevimba, au kimetoa ute wa kahawia, fundi ana hoja. Lakini hata hapo kapasita hubadilishwa zenyewe, hakuna haja ya kukimbilia mazabodi nzima.

Kitufe nacho huchakaa, usikisahau. Waya wake unaishia kwenye pini mbili za mazabodi, mara nyingi pameandikwa PWR. Uchomoe, urudishe umeme, kisha uzigusishe pini hizo mbili tu kwa ncha ya bisibisi, mara moja, uachie. Ikiwaka kila unapofanya hivyo, basi tumemaliza, na wala si jambo la gharama. Isipowaka, azima pawa saplai kwa shemeji, ile mashine yake si imelala tu? Hakikisha plagi zinalingana, kwa sababu za zamani zina pini 20 na zilizofuata zina 24. Na jaribio ulifanye asubuhi, kompyuta ikiwa imepoa usiku kucha. Ukijaribu mchana ikiwa na joto itawaka tu, nawe utadhani imepona.

Ila kile kisanduku cha pawa saplai chenyewe usikifungue, Idi, hata kama Mwalimu atakwambia ni kazi ndogo. Ndani mna kapasita kubwa inayoshika volti zaidi ya 300, na chaji inaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Kikiharibika hubadilishwa kizima.

Kinachoniuma hasa ni ile sauti ya marehemu Mzee akisimulia, uliyoirekodi na kuiweka humo. Nijuavyo hakuna nakala nyingine. Ikiwaka kesho, usifungue kitu kingine chochote: nakili sauti zile kwanza, na usiizime mpaka umalize. Isipowaka kabisa, usikate tamaa wala usimruhusu mtu aichukue diski. Pawa saplai ikifa, mara nyingi diski hubaki salama, na inaweza kusomwa kwenye kompyuta nyingine.

Sasa nijibu. Taa ndogo ya mazabodi huwaka ukichomeka umeme, au hapana? Inapogoma, hutoa mlio wowote? Saa yake bado hurudi nyuma? Hiyo huenda ni betri tu, ile bapa ya volti 3, lakini nataka kujua. Fundi aliipima pawa saplai, au aliitazama kwa macho tu? Na zile sauti, kweli hukumpa hata Salma nakala?

Niandikie ukishajaribu kitufe.

Wako,
Rashidi