Zawadi, usikubali breka kubwa zaidi

Zawadi mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku ni wazima, na mama anaendelea vizuri. Amenikumbusha mara mbili nisisahau kukusalimia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliganda pale uliposema fundi atakuja Jumamosi kutoa ile breka ya ampea 20 ya jikoni, ile swichi ya kwenye boksi la umeme inayojizima mzigo ukizidi, na kuweka ya 32, ili isiwe inajizimazima kila jioni. Mwenzangu, nakuomba sana, mpigie simu umwambie asije kwa kazi hiyo. Mengine yote ninayoandika hapa yanaweza kusubiri, hilo haliwezi.

Breka ile haikuwekwa kulinda jiko wala friji. Kazi yake ni kuulinda waya uliopita ndani ya ukuta. Waya wa soketi za nyumbani mara nyingi ni wa milimita mraba 2.5, na breka ya ampea 20 imechaguliwa kulingana na unene huo. Ukiubebesha zaidi unachemka, na joto lenyewe hupanda haraka kuliko mzigo: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huwa mara nne. Fundi akiweka breka ya 32, waya unabaki kuwa uleule wa jana. Breka itanyamaza, nanyi mtadhani tatizo limekwisha, kumbe kila jioni ganda la waya linaungua kidogo kidogo nyuma ya plasta, mahali ambapo hakuna anayeona.

Hebu fanya hesabu hii. Chukua wati za kila chombo, zimeandikwa chini yake au nyuma, ugawe kwa volti. Kwa umeme wa volti 230, birika la wati 2,200 linavuta karibu ampea 9.6. Jiko la mezani la wati 2,500 linavuta 10.9, na pasi ya wati 2,000 inavuta 8.7. Ukiviwasha vyote pamoja unapita ampea 29 kwenye waya uliopangiwa 20. Umesema breka haijizimi pale pale, hukaa kidogo kwanza. Ni sawa kabisa. Ndani yake mna kipande cha metali mbili zilizoshikanishwa, kinachopinda kadiri kinavyopata joto, mpaka kinaachia. Breka yako ni nzima na inafanya kazi yake. Ingekuwa inaruka papo hapo kila mkiirudisha, ningekuambia kuna shoti mahali, na msiirudishe tena mpaka itafutwe.

Mimi ninaogopa zaidi breka inayokaa kimya. Sijawahi kukusimulia yaliyotupata kwenye nyumba tuliyopanga kabla ya hii. Kwa siku tatu korido ilinuka samaki. Tulisogeza kabati tukitafuta panya aliyekufa, tukapiga deki, tukafungua madirisha, wapi. Siku ya nne usiku, mume wangu akiwa anaoga na hita ya maji imewashwa, nilipita karibu na boksi la umeme nikasikia mvumo mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Niliweka kiganja juu ya kifuniko. Kilikuwa na joto kama kikombe cha chai iliyomiminwa sasa hivi.

Nilizima mein swichi pale pale, yeye akiwa na sabuni mwilini.

Fundi alipofungua kesho yake nilikuwa nimesimama nyuma yake. Breka ya hita ilikuwa imegeuka kahawia upande mmoja, plastiki imebonyea. Alipoweka bisibisi kwenye skrubu inayobana waya, ilizunguka karibu mzunguko mzima kabla haijashika. Alipouchomoa waya, ganda lake lilimegeka vidoleni mwake kama ganda la karanga. Na breka ile, Zawadi, haikuwahi kujizima hata mara moja. Mkondo ulikuwa wa kawaida tu. Joto lote lilitoka pale skrubu ilipolegea, na harufu ya samaki ilikuwa ni plastiki ya vifaa vya umeme ikiungua polepole. Tangu siku ile, nikisikia harufu ya namna hiyo mahali pasipo na samaki, huanzia kwenye boksi.

Sasa nirudi kwenu. Umeniuliza kama boksi zima libadilishwe. Kwa tatizo la jioni peke yake, ningesema hapana: jikoni kwako vyombo vyote vizito vinategemea njia moja, yaani waya mmoja na breka moja, na jiko lilistahili waya wake mnene na breka yake tangu mwanzo. Lakini umeandika pia kwamba boksi lina breka nne tu, hakuna nafasi ya kuongeza, na kwamba kwenye breka moja umeona nyaya mbili zimebanwa chini ya skrubu moja. Hayo ndiyo yamenifanya nione kwamba boksi lenu limepitwa na nyumba. Liliwekwa wakati mna taa, redio na friji. Sasa kuna pampu, mashine ya kufulia, hita, na shemeji anazungumzia kiyoyozi. Nyaya mbili chini ya skrubu moja ni hatari, kwa sababu mmoja hushikwa vizuri na mwingine unabaki umelegea, na mwisho wa skrubu iliyolegea nimekwisha kukusimulia.

Kuna vitu vichache naomba uviangalie mwenyewe, mchana, kwa macho tu, bila kufungua kifuniko. Tafuta kutu, alama za maji, rangi iliyobadilika, na breka inayokataa kukaa juu. Sikiliza kama kuna mvumo. Kisha tafuta breka yenye kitufe kidogo, mara nyingi kimeandikwa T. Hiyo hukata umeme unapovuja, kwa mfano mtoto akishika chombo chenye hitilafu, na ya nyumbani kwa kawaida hukata kwenye miliampea 30. Bonyeza kitufe. Ikijizima, ni vizuri, irudishe, na ubonyeze tena kila baada ya miezi michache. Isipojizima, au ukiona boksi lenu halina kabisa, basi kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuita fundi, kabla hata ya habari za jiko. Una watoto wadogo na sakafu ya bafuni haikauki.

Kuhusu taa kufifia pampu inapoanza, usihofu sana kama ni kufifia kwa kupepesa jicho. Mota huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida wakati wa kuanza. Ila taa zikibaki zimefifia, au baadhi zikififia huku nyingine zikiongezeka mwanga kupita kiasi, huenda nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, imelegea. Hapo zima mein swichi na mwite fundi pamoja na shirika linalowaletea umeme siku hiyo hiyo, kwa sababu volti zikipanda hivyo zinaweza kuunguza vyombo vyote.

Na jambo hili msiache mtu yeyote awadanganye: boksi jipya peke yake haliongezi umeme. Ukiweka boksi la breka kumi na mbili, lakini waya unaotoka kwenye mita ni uleule mwembamba, mtakuwa mmenunua nafasi tu, na mzigo utarudi kuuelemea waya huo. Kwa hiyo fundi atakayekuja, mwenye leseni tafadhali, aanze na karatasi na kalamu. Aorodheshe vyombo vyote pamoja na hicho kiyoyozi, akokotoe mzigo, kisha apime jioni, wakati mnapopika, kwa ile mita inayokumbatia waya bila kuukata. Apime pia uzima wa maganda ya nyaya za zamani, na ethi, ule waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Ethi mbovu na boksi jipya ni kazi bure. Ikionekana waya wa kutoka kwenye mita hautoshi, shirika la umeme lazima lihusike, maana sehemu hiyo si ya fundi wa nyumbani kuigusa.

Mwambie na shemeji, najua anavyopenda kushika bisibisi: hata mein swichi ikiwa imezimwa, nyaya zinazoingia kwake kutoka kwenye mita bado zina umeme. Asifungue kifuniko kwa kudhani kila kitu kimelala.

Kwa sasa, mpaka fundi apatikane, pasi isiwashwe wakati jiko linawaka. Birika pia lisubiri. Najua jioni ni wakati wa haraka, watoto wana njaa na sare za shule hazijanyooshwa, lakini zinyoosheni asubuhi kwa siku hizi chache. Ile waya ya kuongezea uliyosema imepita chini ya zulia, itoe leo. Ikipata joto pale chini haina pa kulitolea, na zulia linashika moto upesi.

Nisomee namba iliyoandikwa kwenye breka kuu na unitumie, pamoja na picha ya boksi likiwa limefungwa. Nitamwonyesha fundi wetu, yule aliyetoa ile breka ya kahawia, naye atakuambia maswali ya kumuuliza wa kwenu. Na nijulishe Jumamosi ikipita.

Wako akupendaye,
Halima