Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mvuke, bisi na kikohozi cha kakangu

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House, Nairobi.

Kwako Mheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya upili hapa Mombasa. Muhula uliopita nilikuta kitu ndani ya kikoba cha kalamu cha mwanafunzi wa miaka 15. Nilidhani ni kalamu ya rangi. Kilikuwa cha waridi, chepesi, kinanukia embe bivu. Kumbe ni vepu, yaani sigara ya kielektroniki. Nilipomuuliza alinijibu bila kubabaika: "Mwalimu, hii si sigara. Ni mvuke tu, ni maji." Nimefundisha miaka mingi na namjua mtoto anayedanganya. Huyu hakudanganya. Alinieleza anachokiamini.

Wiki ileile nilimkuta kakangu mkubwa barazani, sigara mkononi. Yeye ni dereva wa matatu, na amevuta tangu kabla mimi sijaingia chuo cha ualimu. Mwaka jana aliziacha kwa miezi 7, akawa anatumia vepu peke yake. Kile kikohozi chake cha alfajiri, ambacho watoto walikifanya saa ya kuamkia, kilikuwa kimetulia. Kisha akatumiwa video kwenye simu: kijana amelazwa, mipira puani, na sauti inayosema vepu hugeuza mapafu kuwa bisi, heri sigara tuliyoizoea. Akaitupa vepu, akarudi kwenye pakiti.

Mheshimiwa, mmoja amepotoshwa kwa kuambiwa kitu hiki hakina neno, mwingine kwa kuambiwa ni kibaya kuliko sigara. Nilitamani niwe na ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye muhuri wa Serikali, niwape wote wawili. Ndiyo maana naandika.

Kosa la kwanza limo katika maneno yetu wenyewe. Dukani kile kimiminika kinaitwa maji, na kinachotoka mdomoni kinaitwa mvuke. Kwetu mvuke ni ule unaopanda unapofunua sufuria ya wali. Nani atauogopa? Kumbe ndani ya kile kichupa mna propilini glaikoli, glisirini, viungo vya ladha na, mara nyingi, nikotini. Waya mdogo hupata moto, kimiminika kikatoka kwa vitone vidogo mno ambavyo jicho huviona kama wingu. Huo si mvuke wala si moshi. Nyumbani kitu kinachofanana nao ni ukungu wa kopo la dawa ya mbu. Sisemi sumu yake ni ileile. Nasema umbo lake ndilo lile: vitone vinavyoelea, vikibeba chochote kilichomo ndani ya kopo.

Kakangu alipokuwa bado na vepu yake, nilimwomba aipulizie kwenye kioo chake cha kunyolea. Mimi nikapuliza pumzi yangu kando. Pumzi yangu ilitanda, ikafutika kabla sijahesabu 10. Ya kwake ilibaki. Nikapitisha kidole: utelezi mwembamba, unanata kidogo, una harufu ya mnanaa. Nakikumbuka kioo kile kila ninapochora mapafu ubaoni, maana kuta za vifuko vya hewa ni nyembamba mara nyingi kuliko karatasi ya daftari.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu ana la kupoteza. Kwanza ni nikotini. Vifaa vingi vya siku hizi hutumia chumvi ya nikotini, ambayo haikwaruzi koo, hivyo mtoto huvuta nyingi bila kukohoa. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 20 kwa kila mililita. Hapa nimeona kwa macho yangu kifaa kilichoandikwa asilimia 5, yaani miligramu 50. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi miaka kama 25, na nikotini huushika mapema. Tena waya ukipata moto unaweza kuachia metali kama nikeli, kromiamu, hata risasi. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua. Wanafunzi wengine huiita shisha ya kalamu, na wanajua shisha ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Disemba 2017, lakini wanaona hii ni safi kwa kuwa haina mkaa.

Sasa nije kwenye bisi, kwa sababu hilo ndilo lililomrudisha kakangu kwenye sigara.

Ugonjwa wenyewe upo. Mwaka 2000 huko Jasper, jimbo la Missouri, Marekani, watu 8 waliowahi kufanya kazi katika kiwanda cha bisi waligundulika na makovu katika vijia vidogo vya hewa, makovu yasiyopona. Walikuwa wamevuta, siku baada ya siku, hewa yenye diasetili, kiungo kinachotoa ladha ya siagi. Baadaye diasetili ilipatikana katika baadhi ya vimiminika vya vepu, na hapo ndipo jina la mapafu ya bisi likahama kutoka kiwandani hadi kwenye simu zetu. Hofu hiyo ilikuwa na mahali pa kuanzia. Lakini video haisemi kwamba diasetili imo pia katika moshi wa sigara ya kawaida, na kwa kiasi kikubwa kuliko kile kinachopimwa katika vepu nyingi. Wala haisemi kwamba Uingereza imekipiga marufuku kiungo hicho ndani ya vepu. Mtu anayeikimbia diasetili kwa kurudi kwenye sigara anaikimbilia.

Na yule kijana mwenye mipira puani? Picha za namna ile zilienea sana mwaka 2019, Marekani ilipopata mlipuko wa ugonjwa wa mapafu ulioitwa EVALI. Hadi Februari 2020 waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, na waliokufa walikuwa 68. Ni msiba, na sitaki kuupunguza. Lakini watafiti walipopima majimaji kutoka mapafuni mwa wagonjwa 51, walikuta asetati ya vitamini E kwa 48 kati yao. Kwa watu wazima wenye afya waliopimwa nao, hawakuikuta. Hayo ni mafuta yaliyotumiwa na wauzaji wa vichochoroni kuzitia uzito katriji za THC, kile kiini cha bangi kinacholevya. Ukiyapaka ngozini hayana neno, ukiyavuta mapafuni yanaua. Wagonjwa wengi walikuwa wametumia bidhaa hizo za THC. Habari ya kwanza, kwamba vepu inaua, ilifika hadi Mombasa. Ile ya pili, iliyoeleza ni kitu gani hasa kilichowaua, haikufika.

Mheshimiwa, kinachoua katika sigara ni kuungua. Tumbaku ikiwaka hutoa maelfu ya kemikali, ikiwa ni pamoja na lami na kaboni monoksidi, na makumi kati ya hizo husababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua hadi nusu ya wanaoitumia wasipoiacha. Nikotini ndiyo ndoana inayomrudisha mvutaji kila siku, lakini si hiyo inayoleta saratani ya mapafu. Ndiyo sababu viraka vya nikotini vya kubandika ngozini na ubani wake wa kutafuna vimo katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilohilo tangu 2009. Na mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yameonyesha kwamba vepu zenye nikotini zimesaidia watu wengi zaidi kuacha sigara kuliko viraka na ubani.

Hilo halinifanyi niitetee vepu. Ilibuniwa China mwaka 2003, kwa hiyo hakuna mtu duniani aliyeivuta miaka 40. Sigara zilivutwa miongo mingi kabla ya watafiti wa Uingereza, Doll na Hill, kuchapisha mwaka 1950 ushahidi wao kuhusu saratani ya mapafu. Na anayevuta vyote viwili, vepu ndani ya gari na sigara stendi, asijifariji kwamba mapafu yamepumzika.

Ninachoomba ni Wizara iseme yote mawili kwa pumzi moja. Imwambie asiyevuta, hasa mtoto, asiiguse. Imwambie mvutaji kwamba kuacha vyote ndiyo bora, ila asidanganywe kwamba sigara ni salama kuliko vepu. Nimesikia wakisema watu wa kawaida hawawezi kubeba ujumbe wenye pande mbili. Mama wa hapa mtaani hujua kwamba panadoli humtuliza mtoto na kwamba ikizidi humdhuru. Ataelewa na hili.

Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ni ya 2007, na vepu zimetajwa katika sheria ya ushuru tangu 2015. Mswada wa 2024 wa kuirekebisha ile ya tumbaku ulifikishwa Seneti. Vyovyote utakavyoamuliwa, kiasi cha nikotini kiandikwe kwenye kifaa kwa Kiswahili, kwa miligramu, mahali panapoonekana. Na kwenye zahanati swali liwe "unavuta nini?" badala ya "unavuta sigara?", kwa kuwa mwanafunzi wangu angejibu la pili kwa "hapana" na angekuwa anasema kweli yake. Tena kuna wanaokohoa wiki baada ya wiki wakidai ni vepu tu, na huku makohozi hayajapimwa kifua kikuu.

Kakangu nilimweleza haya yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akazima kipande chake kwenye kikopo, akasema: "Wewe ni ndugu yangu, utasema lolote ili nipone. Nataka kuyasikia kutoka kwa wenyewe wa afya." Yeye huwasha redio saa kumi na moja alfajiri, anapopasha gari moto, na haizimi hadi abiria wa kwanza wapande.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa biolojia, Mombasa