Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mbegu, Sheria na Vibaba Mnavyodaiwa

Wanachama wenzangu, wazee wetu, na kina mama mliodamka alfajiri kutoka Marafa na Langobaya, hamjambo.

Ya fedha ataeleza mweka hazina, daftari analo yeye. Mimi nina la mbegu.

Tarehe 27 Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Machakos iliamua kesi iliyofunguliwa mwaka 2022 na wakulima wadogo 15. Jaji Rhoda Rutto alisema vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea vilivyomzuia mkulima kuweka mbegu zake na kugawana na wenzake vinakiuka Katiba. Hata ile ruhusa ya wakaguzi kuingia ghala la mbegu la jamii na kuzichukua, imeondolewa.

Kwa mliojiunga juzi: sheria hiyo ni ya mwaka 1972, ikakazwa 2012. Kwayo, kuuza au kugawana mbegu isiyoidhinishwa kungeweza kukupeleka jela hadi miaka 2, au faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Milioni! Hapa Malindi nani kati yetu ameishika? Na huku Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inalitaka Bunge litambue na kulinda mbegu za asili. Tukawa tunapeana mbegu chini ya leso kama watu wa magendo. Bibi mmoja aliniuliza mkutanoni, "Kwani kumpa mkaza mwanangu mahindi ya kupanda ni wizi?" Sikuwa na jibu.

Lakini tusiisingizie sheria kila kitu. Mdzihana na kanjerenjere, mbegu zetu za asili za mahindi, hazikupungua kwa sababu ya wakaguzi peke yao. Tumepunguza wenyewe, kwa uvivu wa kuzitunza.

Bibi huyohuyo alileta mahindi ya mdzihana aliyoyaning'iniza juu ya meko, maganda yake meusi kama sufuria. Tukayamenya hapo hapo. Alichukua punje za katikati tu. Za ncha na za kitako akawatupia kuku. Tukatandaza 20 kwenye kitambaa kibichi. Siku ya tano nikahesabu: 18 zimechipua. Mwenyekiti wenu naye alifungia kunde za kikundi kwenye ndoo kabla hazijakauka sawasawa, na alipofungua ilikuwa ukungu mtupu. Hizo nitalipa mimi, nimekwisha mwambia katibu aandike.

Sasa, uamuzi huu usitulevye. Haujampa mtu ruhusa ya kutia mahindi ya sokoni ndani ya pakiti na kuyabandika kibandiko bandia cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu. Tunajua uchungu wake: mwaka juzi nilinunua pakiti katika duka ambalo sitalitaja, nikapanda shamba zima, ikaota mistari miwili. Ukaguzi wa mbegu za dukani tunautaka, tena mkali zaidi. Tulichokataa ni kukaguliwa kibuyu cha mbegu cha bibi.

Wala anayepanda mahindi ya dukani ya PH4 asionekane msaliti. Ilitengenezwa kwa ajili ya Pwani hii yetu, na mimi mwenyewe nina nusu ekari. Ila mambo mawili. Usiweke punje zake kuwa mbegu ya msimu ujao, kwa kuwa ni chotara na watoto wake hawamfuati mama. Pili, usiipande ubavuni mwa mdzihana ya jirani. Upepo hubeba chavua, na mbegu aliyoirithi mwenzako inaharibika bila yeye kujua. Zungumzeni kabla ya mvua za mwaka, yaani masika. Mmoja atangulie, mwingine afuate baada ya wiki tatu au nne.

Vijana wameomba tuandike kila mbegu: jina lake, imetoka kwa nani, hupandwa lini, hupikwaje. Kamati imekubali. Nilidhani ni mchezo wa simu tu, mpaka nilipokuta hatuna hata mmoja anayekumbuka jina la ile kunde nyekundu ndogo iliyokuwa ikilimwa kando ya mto Sabaki.

La mwisho ni madeni. Desturi yetu mnaijua, ukikopa ghalani kibaba kimoja cha mbegu unarudisha viwili. Wengi mmevuna, mmekula, mmenyamaza. Majina sitayasoma leo, wageni wapo. Jumamosi ijayo ghala litakuwa wazi tangu saa mbili asubuhi, na kila punje itaumwa kwa jino kabla ya kupokelewa. Ikibonyea, utarudi nayo nyumbani ukaianike.