Duka Letu la Vitabu Lingali Wazi

Mombasa,
Jumamosi jioni

Kwako shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku nyumbani tu wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana na anauliza kama umeshaizoea baridi ya Kitale. Mengine nitayaandika huko mbele, lakini hili haliwezi kungoja: duka letu la vitabu halijafungwa. Aliyekwambia kwamba limegeuzwa duka la simu alichanganya milango. Hilo la simu ni la jirani, pale palipokuwa na fundi wa saa. Duka letu lipo pale pale kwenye uchochoro wa nyuma ya Mtaa wa Biashara, na milango yake ya mbao inafunguliwa kila asubuhi isipokuwa Ijumaa, siku ambayo hufunguliwa baada ya sala.

Nilikuwa nimetoka kumnunulia mama doti ya kanga, jua la saa saba likanisukuma upande wa kivuli, na hapo nikakiona kile kibao cha duka letu. Moyo ulinienda mbio. Nikapiga hodi, na sauti iliyoniitikia karibu haikuwa ya Babu mwenye duka. Ilikuwa ya binti yake mkubwa, yule dada aliyekuwa akitukatia maembe mabichi na kututilia chumvi na pilipili. Alinikazia macho kidogo, akaniambia, "Na mwenzako yuko wapi?" Hata jina langu alikuwa hajalipata bado, lakini wewe alikuwa ameshakukumbuka.

Babu yu hai. Macho ndiyo yamempunguka, kwa hivyo siku nyingi hukaa nyumbani, na akija dukani huletwa na mjukuu na kukaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Leo alikuwepo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza mimi ni wa nani. Nilipomtajia jina la marehemu baba alinishika mkono asiniache kwa muda mrefu, akaniuliza tena na tena kama bado nasoma.

Sasa nikueleze duka lilivyo, nisikufiche. Upande wa kushoto unapoingia, palipokuwa na vitabu vya shule kuanzia sakafuni mpaka darini, hakuna tena kitabu hata kimoja. Kuna mashine ya fotokopi, madaftari, kalamu, bahasha, gundi na karatasi za manila. Sababu unaijua kuliko mimi, wewe mwalimu. Tangu 2018 serikali inavipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, na mnavipokea hapo mlangoni kwenu. Kwa mtoto wa shule ya mbali ambaye zamani alichangia kitabu kimoja na wenzake ni jambo jema, nami siwezi kulilaumu. Lakini duka dogo kama hili lilikuwa likiishi mwaka mzima kwa mauzo ya Januari, na Januari hiyo haikurudi tena. Kabla ya hapo kulikuwa na ile sheria ya 2013 iliyotia vitabu kodi ya VAT ya asilimia 16. Dada anasema hapo ndipo wateja walipoanza kukishika kitabu, kukigeuza kuangalia bei nyuma, na kukirudisha polepole. Maduka mengi ya vitabu yamekwisha kwa mtindo huo. Hili limebaki kwa sababu nyumba ni yao wenyewe, hawalipi kodi ya pango, na kwa sababu dada ni mtu asiyekata tamaa.

Upande wa kulia haukuguswa. Ushairi, riwaya, tamthilia, historia, vitabu vya dini, kamusi, vyote viko mahali pake, na washairi wa Mvita, yaani Mombasa yetu hii, wamewekwa rafu yao peke yao kama alivyopenda Babu: Muyaka bin Haji mwanzo, kisha Ahmad Nassir, kisha Abdilatif Abdalla. Vingine ni vya mitumba, vimepigwa muhuri wa shule au vina jina la mtu aliyekuwa navyo zamani. Nilikaa chini kwenye ile sakafu ya saruji nyekundu nikavitoa kimoja kimoja. Mtu yeyote hakuniuliza nataka nini.

Halafu nikaviona vialamisho. Pale mezani, palipokuwa pakikaa kijisanduku cha fedha, pana ungo, na ndani ya ungo vimepangwa vialamisho vya vitabu vilivyotengenezwa kwa mkono. Shoga, sijui nianzie wapi.

Vilivyo vizuri kupita vyote ni vya kanga. Kila kimoja kimekatwa kutoka kwenye kanga ya kweli, mahali penye jina, yaani yale maneno yake. Si kanga mpya, maana dada hana moyo wa kuikata doti nzima. Wamama wa mtaani wanamletea kanga zao zilizochakaa, zile zilizokwisha kubebea watoto zikaishia jikoni, na mara nyingi mji wa kanga, ule uwanja wa katikati, ukishatoboka lile jina bado linasomeka. Anaukata ule ukanda wa maneno, anaufua, anautia kanji ile ile ya kanzu, anaupiga pasi ukiwa bado na unyevunyevu mpaka unakuwa mgumu, kisha anaushona juu ya kipande cha manila. Kingo zote zimeshonwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo unaofuatana bila kuruka. Juu anatoboa kitundu cha kupitishia uzi, na hicho kitundu anakizungushia uzi jinsi kinavyozungushiwa kiua cha kofia, kwa sababu ndiyo kazi aliyofundishwa na marehemu mamake, kushona kofia za viua. Nilipokipitisha kidole niliweza kuuhisi ule ushonaji kabla ya kuuangalia.

Na pazuri pa kufanyia kazi hii ni hapo hapo. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambaye watu walimjua kwa jina la Abdulla, lilianza Mtaa huo huo wa Biashara mwaka 1887, na ndilo linalotajwa kuwa lilianzisha desturi ya kutia maneno kwenye kanga. Mwanzoni yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazotumia sasa. Kwa hivyo maneno yanayozaliwa Mtaa wa Biashara yanazunguka mwilini mwa watu miaka mingi, yanafuliwa, yanafifia, kisha yanarudi hatua chache kutoka pale yalipouzwa na kuingia kitabuni. Nilimwambia dada hivyo akacheka, akasema yeye alikuwa anafikiria tu vitambaa visitupwe.

Kuna shida moja aliyoigeuza kuwa uzuri. Maneno ya kanga ni marefu, na kialamisho hakiwezi kuwa na urefu wa mkono. Yale mafupi, kama *Wema hauozi*, yanatosha kwenye kimoja. Marefu anayakata mara mbili na kutengeneza viwili, na haviuzi kimoja kimoja. Lazima ununue vyote viwili na umpe mtu mwingine kimoja. Ndiyo sharti lake, na halilegezi hata kwa mteja anayeongeza pesa. Niliona mwanafunzi mmoja akibembeleza auziwe nusu tu. Dada akampa nusu ya pili bure ili asiivunje kanuni.

Kuna vingine vya ukili, vilivyosukwa kwa miyaa ya kusukia mikeka na wanawake wa Kwale wanaomletea kwa mafungu. Rangi zake zinapendeza, hasa vyeusi na vya zambarau. Lakini nikuambie nionavyo: ni vinene. Ukikiacha ndani ya kitabu chembamba cha mashairi kwa wiki kadhaa kitaulegeza mgongo wa kitabu. Dada anakubali, naye huwashauri wateja wavitumie kwenye vitabu vikubwa vya jalada gumu. Mimi nilinunua kimoja kwa ajili ya kamusi ya mama.

Na kuna vichache vya karatasi, vyenye hati ya Kiarabu iliyoandikwa kwa kalamu ya mwanzi. Anaviandika yule mjukuu, kijana mtulivu sana, na Babu ndiye aliyemfundisha kuichonga kalamu wakati macho yangali yanaona. Babu aliposikia navisifu aliingia kwenye mazungumzo kwa nguvu ambazo sikuzitarajia. Akatueleza jinsi vitabu vya kale vilivyonakiliwa kwa mkono vilivyomjali msomaji. Chini ya ukurasa mwandishi aliandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikichanguka ziweze kurudishwa kwa mpango wake. Na majalada mengi yalikuwa na ulimi wa ngozi uliokunjwa kuingia chini ya jalada la juu, na msomaji aliweza kuutia mahali alipofikia. Akazitaja hati za Siyu, kule kisiwani Pate, ambako misahafu ilinakiliwa karne ya 19 na kutiwa nakshi nyekundu na nyeusi. Alizungumza mpaka adhana ya alasiri. Nilitamani ungekuwa hapo, kwa sababu wewe ungejua maswali ya kumuuliza.

Ndipo nikamwuliza dada wazo hili alilitoa wapi, nikijua nusu ya jibu. Unakumbuka Babu alivyokuwa akichukia pembe ya ukurasa iliyokunjwa? Kitu kingine chote alikisamehe. Tulisoma vitabu vyake bila kununua, tukisimama nyuma ya rafu na sare za skuli, leo sura moja na kesho nyingine, na hakuna siku aliyotufukuza. Lakini ukurasa ukikunjwa alikuwa akiunyoosha kwa ukucha, kimya kimya, kisha anakukatia kipande cha kalenda ya mwaka uliopita na kukupa. Sisi tulidhani hajui kwamba vile vitabu tulivyokuwa tukivificha nyuma ya vingine, na kipande cha kalenda ndani, vilikuwa vyetu. Dada ameniambia leo kwamba alijua kila kimoja kilipo. Mteja akikiulizia alikuwa anamwambia, "Hicho kina watu wanakisoma," na kumwagizia nakala nyingine. Shoga, fikiria. Mtu aliyekuwa akihesabu kila shilingi alizuia bidhaa yake isiuzwe kwa sababu wasichana wawili wasio na pesa walikuwa hawajafika mwisho.

Vialamisho hivi vimetoka kwenye vile vipande vya kalenda. Dada alianza kwa kukata karatasi kama babake, kisha akaingiza kitambaa, kisha wale wamama wakaanza kuleta kanga. Sasa kila anayenunua kitabu hupewa kimoja cha karatasi bila malipo, na cha kanga huuzwa. Anasema mapato yake yanalipa umeme wa duka na yanabaki ya kuagizia vitabu vichache. Hilo ndilo lililonifurahisha kuliko uzuri wake wote, kwamba kitu kidogo kilichoanza kwa kumwonea kitabu huruma sasa ndicho kinacholeta vitabu vipya dukani. Mimi naona kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayekuuzia kitabu na mtu anayetaka ukimalize, na Mombasa hii nzima sijui duka jingine linalotaka ukimalize.

Kwa hivyo nimekufanyia hivi bila kukuuliza. Nimenunua jozi moja ya kanga, nyekundu yenye mpaka mweusi, iliyoandikwa *Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki*. Maneno yamekatwa baada ya dhiki. Nimebaki na nusu ya kwanza, yako ni ile ya *ndiye rafiki*. Na pamoja nayo nimenunua nakala mbili za Sauti ya Dhiki, moja yangu moja yako, zote za mitumba lakini safi. Tuliwahi kuyasoma baadhi ya mashairi yake darasani kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulituharakisha. Abdilatif Abdalla alikuwa kijana wa mji huu, wa miaka ishirini na kitu, alipofungwa 1969 kwa sababu ya waraka wa kuuliza Kenya inaelekea wapi, na mashairi hayo aliyaandika gerezani kwenye karatasi za choo mpaka alipotoka 1972. Mtu aliyeyaandika hivyo anastahili kusomwa bila haraka. Napendekeza shairi moja kila wiki, tusome usiku wa Jumapili, kisha tuandikiane barua hivi hivi kwa kalamu. Kwenye simu tutaishia kutumiana picha za watoto na kusahau kitabu.

Mzigo nitauweka kwenye basi la Jumatatu usiku, umefungwa kwa karatasi ya kaki na jina lako la skuli. Ukaulizie ofisini kwao Jumatano, wasije wakauweka chini ya magunia. Ndani utakuta pia kashata za mama na vialamisho vya karatasi vya kuwagawia wanafunzi wako wa kilabu cha Kiswahili. Dada ametoa fungu zima, amekataa pesa, na ameomba kitu kimoja tu: kila mtoto akishamaliza kitabu aandike jina la kitabu hicho nyuma ya kialamisho, na vikijaa uvirudishe visomewe Babu.

Ukija likizo ya Agosti usiandike mpango wowote wa siku ya kwanza. Tutashuka Marikiti, tununue maembe mabichi, twende nayo dukani. Wasalimie watoto na baba yao.

Wakatabahu,
Shoga yako wa tangu skuli

Nyongeza: Dada anaulizia kama huko Kitale kuna fundi anayetupa vipande vya vitenge. Kanga zikimwishia anataka kujaribu na vitenge, ingawa mimi nimemwambia havina maneno.