Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: jiwe la askari kijana

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Tunakusalimu kwa heshima. Sisi ni mafundi wa zege na wachonga mawe wa Mbeya mjini, Uyole na Tukuyu. Tunakuandikia kuhusu makaburi ya askari waliokufa wakiwa bado vijana.

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka na shada la maua huwekwa mnarani. Waliokufa katika Vita vya Kagera na kulala Kaboya, Muleba, wana uwanja wao. Lakini kijana anayerudishwa nyumbani huzikwa kwao, na kwa Rungwe mara nyingi ni nyuma ya nyumba, migombani. Jeneza hufunikwa bendera, risasi hupigwa hewani, tarumbeta hulia, na jioni magari hurudi kambini. Kinachobaki ni msalaba wa mbao na tuta la udongo.

Mzee akifa huacha watoto na wajukuu wa kufyeka kaburi lake na kulipaka rangi upya. Kijana wa miaka 23 aliyeondoka hajaoa ameacha wazazi tu, nao wanazeeka. Wakishaondoka, nani atajua pale majanini kalala nani? Jiwe la kijana huyu inabidi lifanye kazi ambayo angeifanya mtoto wake. Ndiyo maana tunaomba lisijengwe ovyo.

Kosa la kwanza ni haraka. Michango ikipatikana, kaburi linajengewa kabla ya arobaini, wakati udongo wa shimoni bado haujashikana. Udongo wetu wa majivu ya volkano ni mwepesi. Ukichimbwa na kurudishwa hutitia mvua zote za msimu wa kwanza. Huku mvua huanza Novemba hadi Aprili au Mei. Aliyezikwa Septemba ajengewe Juni, si kabla.

Kosa la pili ni kuliweka zege juu ya shimo lenyewe. Shimo likiwa mita 2 kwa 0.8, jamvi, yaani bamba la zege la kulifunika, liwe mita 2.6 kwa 1.4, ili kila upande sentimita 30 zikae kwenye ardhi isiyochimbwa. Unene sentimita 10. Nondo za milimita 10 ziachane sentimita 20. Nondo 4 za mita 12 zinatosha. Saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne: saruji yote ni mifuko miwili na nusu hivi ya kilo 50. Maji yawe ya kiasi, maana zege la uji hupasuka likikauka. Limwagiliwe siku saba huku limefunikwa magunia yaliyolowa. Upande wa mlimani uchimbwe mfereji. Tukuyu, kunakonyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, bila mfereji maji hula udongo chini ya jamvi na kona moja hushuka.

Tailizi tunawasihi familia waziache, ingawa tunajua zinapendeza siku ya kwanza. Mchana jua, usiku baridi kali ya Julai: tailizi na plasta havitanuki sawasawa, ufa mwembamba unafunguka, maji yanaingia, na mvua mbili tatu baadaye zinabanduka moja moja. Ile yenye jina huanguka pamoja na nyingine.

Jina ndilo tunalolililia zaidi. Rangi ya mafuta juu ya plasta hufifia kwa jua na kubanduka kwa unyevu. Baada ya miaka michache unabaki na herufi tatu za mwanzo. Jina lichongwe kwenye jiwe la matale, yaani granaiti. Jiwe la Songwe ni zuri kwa macho, lakini lina matundu na ukungu wa kijani hujificha humo. Herufi za jina ziwe na urefu wa sentimita 5 na kina cha milimita 4, zikatwe kwa umbo la V. Mkato wa V hauhitaji rangi: jua la asubuhi likiupiga kwa upande, kivuli kinajaa ndani na jina linasomeka kutoka njiani.

Kabla ya patasi kugusa jiwe, jina liandikwe kwa penseli na mama au baba alisome kwa sauti. Majina ya Kinyakyusa yanayoanza na Mwa- huharibika sana: mchongaji mgeni anaiacha y baada ya k, au anaitenga Mwa peke yake kama neno. Kwenye matale hakuna kufuta. Yafuate cheo, kikosi, tarehe ya kufariki, nchi alikofia na umri. Umri tunausisitiza. Mpita njia akiona 23 hahitaji kupiga hesabu.

Iringa kuna makaburi ya askari wa vita kuu chini ya tume ya Jumuiya ya Madola iliyoanza mwaka 1917. Kanuni yake ni kutobagua vyeo: koplo na kanali huwekewa jiwe la aina moja. Tungependa hivyo na kwetu, kwa kijana aliyefia Darfur, Sudan, Julai 13, 2013, walipouawa walinda amani saba Watanzania, aliyefia Semuliki, Kongo (DRC), Desemba 7, 2017, na yule aliyefariki mazoezini.

Tunachokuomba, Mheshimiwa, ni daftari katika kila kata: jina, kitongoji, alama ya mahali kaburi lilipo, hali yake. Mtendaji alikague kila Mei mvua zikikatika, apate miezi miwili ya matengenezo kabla ya Julai 25. Kusafisha ni maji na brashi laini. Dawa ya kung'arishia vyoo ina asidi, inakula saruji, na brashi ya waya huacha mikwaruzo inayoshika ukungu.

Kazi ya kuchonga majina tutaifanya bila malipo. Jiwe, saruji na nondo ndivyo tunavyoomba ofisi yako ivipangie bajeti, tukianza na makaburi ambayo msalaba umeshaoza na wazazi bado wapo wa kutuonyesha mahali.

Ni sisi,
Mafundi wa zege na wachonga mawe, Mbeya