Mama, nduma hazijafa

Minneapolis, Marekani, Novemba

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Natumai wewe, Baba na wote hapo Kangemi mko salama. Sisi ni wazima. Mjukuu wako amepona kikohozi.

Uliniuliza kwa simu kama baridi imeua nduma zangu. Haijaziua, Mama, zimelala. Jalidi ya kwanza ilianguka mwezi uliopita. Jioni majani yalikuwa yamesimama, mapana kama sinia. Asubuhi nikayakuta yameinama, meusi, yanateleza mkononi kama mboga iliyochemka, kwa sababu maji yaliyo ndani ya jani yakiganda hulipasua. Niliumia kuyaona, ingawa kiazi kule chini kilikuwa kizima bado, maana udongo huchelewa kuganda. Siku hiyohiyo nikashika jembe nikazing'oa zote. Nilizikata majani, nikazianika ndani juu ya magazeti hadi zikakauka, ndipo nikazifukia kwenye karai la vumbi la mbao. Ziko gizani katika chumba cha chini ya nyumba, penye nyuzi kama 8.

Mwaka juzi niliziua kwa huruma. Kila Jumamosi nilizimwagilia maji kidogo, nikidhani zina kiu. Februari nikabonyeza moja na kidole gumba kikazama mpaka ukucha ukapotea, ikatoka harufu mbaya. Nduma nilizokua nikiziona kwetu husimama majini kando ya mto, kwa hiyo sikuwaza kwamba ikiwa imelala penye baridi, maji ndiyo huiozesha. Sasa naenda mara moja kwa mwezi kuzibonyeza tu. Jana zote zilikuwa ngumu.

Mgomba nao nimeung'oa na tunguu lake, nikauegemeza ukutani hapohapo. Mkungu usiutarajie. Joto la kuufaa linaanza katikati ya Mei na kuisha Oktoba mapema, nao unataka karibu mwaka mzima kabla ya kuzaa. Lakini Juni huku jua huzama saa tatu usiku, Mama! Jani jipya hufunguka karibu kila wiki. Mengine nayakata nafunikia matoke sufuriani, na mvuke ukipanda nyumba inanukia jikoni kwako.

Mei nitazitoa nje polepole, kivulini kwanza kwa wiki moja hivi, kwa kuwa jani lililotoka gizani huungua juani kama ngozi ya mtoto.

Sasa nina swali. Nduma nilizochimba zilikuwa ndogo, kama ngumi ya mjukuu wako, kwa sababu msimu wangu ni miezi mitano tu. Zile zenye bua la zambarau na zile za kijani, zipi hukomaa mapema? Kama hukumbuki, tafadhali muulize yule mama unayenunua kwake sokoni, kisha unipigie Jumapili baada ya kanisa.

Msalimie Baba, umwambie koti alilonipa ndilo ninalovaa nikishuka kuziangalia.

Mwanao akupendaye