Mkweche wangu wa kwanza

Ndugu Mhariri,

Vijana wanaoyaonea haya magari yao ya kwanza laiti wangeiona pikapu niliyoinunua kwa mkopo Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo rejeta yake iliyovuja tuliiziba kwa sabuni ya mche, na ambayo haikuwaka mpaka abiria washuke kusukuma. Wakati huo, kwa kubana mafuta, magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Jumapili moja ikazima Chalinze saa sita. Mchumba wangu (mke wangu hadi leo) akavua viatu, akaviweka juu ya boneti, akasukuma. Tuliingia Kimara saa nane kasorobo, maji yakitokota, na trafiki akaishia kucheka.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam